Ukurasa wa Sitini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimetamba. Shangazi na wenzake watatu wa chumba cha cherehani wananiita Profesa, nami nikavimba kichwa. Wanataka hisa za kampuni moja imara, wakae nazo miaka kumi, hadi macho yashindwe kupitisha uzi kwenye sindano. Nikawaambia: saruji! Faida inapanda kila mwaka. Ikishindikana, ile ya maziwa. Nimesoma ripoti zote, nikasema. Zote! Nilichosoma ni barua ya mwenyekiti wa saruji, na picha, nikiwa kwenye foleni ya kinyozi.

Jumanne, 4 Machi
Shangazi ameomba hiyo ripoti ya saruji. Nimempa. Ataishia kwenye picha, kama mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Nilisahau kwamba yeye gauni hulipindua kwanza, akague mshono, ndipo atazame uso. Ripoti kaianzia nyuma! Kwenye yale maandishi madogo. Kaja nayo shuleni wakati wa mapumziko, kachomeka pini ukurasa wa sitini na moja. Akaniuliza kwa upole: mwanangu, mbona nusu ya faida ya mwaka jana ni ya kuuza kiwanja? Mwaka huu watauza nini?

Nimesoma mara tatu. Ni kweli. Saruji yenyewe imeuzika kidogo kuliko mwaka juzi. Ningesema tu, "Shangazi, sikusoma." Lakini walimu wenzangu walikuwa wametega masikio. Nikajibu nitaliangalia — kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi! Naona aibu hadi uso unawaka. Na mimi ndiye ninayefundisha watoto somo la biashara.

Ijumaa, 7 Machi
Kesho nakiri mbele ya wote.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefika na maneno yangu nimeyapanga. Kabla sijafungua mdomo, shangazi kawaambia saruji tuiache, na kwamba Profesa ndiye aliyegundua, ndiye aliyemwonyesha ukurasa wenyewe. Wakapiga makofi! Nikamtazama. Kainamia kitambaa chake, hanitazami. Amenisitiri, na hilo linaniuma kuliko kama angenisema.

Nami nimeyapokea makofi yote, hata nikatabasamu.

Sasa wanataka kutia saini leo leo. Fomu ziko mezani, juu ya vipande vya nguo. Jina la kampuni tu ndilo halijaandikwa. Nimeomba dakika tano za kufikiri, niko nje kwenye ngazi naandika haya kwa penseli ya chaki ya kuchorea nguo.

Fundi wa vifungo ananiita kutoka ndani. Anauliza: Profesa, na ile ya maziwa je, hiyo nayo si umeisoma yote?

Cherehani ya shangazi imesimama.