Pete ya Ngoie Haitoke Rangi

Kamalondo, siku ya tatu ya pete mupya, magaribi

Kumbe haitoke! Nimeiangalia tena na miwani, hata alama moja hakuna.

Pete ya kwanza ya bibi yangu, Ngoie, ile nilimuvalisha siku ya ndoa yetu, ilikuwa ya kupakwa zahabu. Zahabu ya kweli, lakini nyembamba sana. Sabuni na majivu vikaimaliza, shaba ya chini ikatokea, kidole kikaanza kuwasha na kuwa kijani. Akaitoa. Tangu pale anaendaka misa na kidole kitupu, na mimi naogopa, bila kumuambia, kwamba amezoea.

Ndipo mujukuu wetu Sifa, mwenye kuuzisha bijou, mapete na mikufu, ku soko, akaniletea mimi babu yake hii ya inox, chuma yenye haishikake kutu.

"Kambo, haina zahabu. Ile rangi iko madini magumu, banaigeuza mvuke ndani ya mashini yenye haina hewa, inashika juu ya chuma."

Nikamujibu hata pasta wake anadanganyaka vizuri kuliko ile.

Leo Ngoie amesonga bukari, ugali wetu, pete ikiwa ku kidole, kisha akasugua sufuria na muchanga. Nikapiga kelele: "Weye mama, utaiharibu!"

"Acha woga, muzee. Ulioa mimi ao pete?"

Akanisogezea mukono. Pete inang'aa kama upara wangu.

"Siku nikikufa," nikamuchokoza, "utaiuzisha, utafute kijana."

"Nani alikuambia nitaitoa?"

Nikashika ule mukono, nikaangalia pete tena na miwani. Aksanti, Mungu. Aksanti na kwa Sifa, lakini yeye sitamuambia, atavimba kichwa.