Uji wa Ulezi na Neno Nililomficha Baba

Jumapili. Mawingu yameushika mlima tangu asubuhi, na hapa Kihonda kuna kaubaridi ka kujifunika kanga mbili. Kidonda kinavuta, ila si kama wiki ya kwanza.

Baba bado yuko. Alishuka kutoka Uluguru na kuku wawili wa kienyeji, unga wa ulezi na iliki ya shambani kwake, akasema amekuja kuniuguza. Baba! Mtu ambaye tangu mama afariki anakula kwa shangazi. Ningecheka, lakini kucheka kunauma mshono.

Supu yake ya kwanza aliijaza pilipili manga hadi nikakohoa, nimeng'ang'ania mto tumboni. Ya pili aliichemsha taratibu mpaka nyama ikaachana na mfupa. Tangu nitoke hospitali sikuwa na hamu ya kula, na nesi alishanionya kuwa kidonda hakitafunga kwa chai na mkate. Ile supu niliimaliza.

Ila kila aliponiletea bakuli nilishindwa kumtazama. Alijua nimetolewa uvimbe. Hakujua wametoa na kizazi. Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama, na mama yangu alizaa binti mmoja tu, mimi.

Nami sina mtoto.

Leo nimemwambia. Alikuwa jikoni anakoroga uji, amenipa mgongo. Labda ndiyo maana niliweza.

"Baba, hawakutoa uvimbe peke yake. Wametoa na kizazi."

Mwiko ukasimama. Nikasikia uji ukitokota.

"Wajomba zako wanajua?"

"Hapana. Wewe wa kwanza."

Akaepua sufuria. Akamimina kikombe, akaniletea, akakaa pembeni yangu.

"Siku ile ya upasuaji nilipiga magoti kanisani nikakuombea wewe," akasema. "Wewe, uamke. Sikuomba kingine. Wajomba nitaongea nao mwenyewe." Kisha akajifuta macho kwa kanga yangu aliyojifunga kiunoni. "Kunywa, mama, ungali moto."

Nikanywa huku nalia. Hakuninyamazisha.

Huzuni haijaondoka, na sidhani kama itaondoka upesi. Lakini jioni hii nimesikia njaa, njaa yenyewe, si ile ya kulazimishwa. Nimemwita kutoka kitandani: "Baba, niongezee." Nimemsikia akikimbilia jikoni kama aliyeitwa kwenye sherehe.

Kesho nataka nitembee mpaka getini bila kushikwa mkono.