Marehemu wa Khwisero

Jumatatu, 7 Aprili

Nimetuma amri zangu za mchezo kabla ya saa mbili, kama kila siku ya likizo. Simu ni ya Mama. Naishika akimaliza kushona, wateja wakishaacha kupiga kuulizia sare za watoto wao.

Hali ya ubao: ngome ishirini, wachezaji wanne wa klabu yetu. Mimi nina sita, Nanzala tano, Shamim tano, Daisy nne. Kila mmoja anaficha amri zake, na saa mbili usiku mchezo unazifungua zote kwa pamoja. Mchana ni wa kuandikiana ujumbe. Yaani mchana ni wa kudanganyana.

Daisy ameniandikia mara tatu leo. Ananiita mpenzi. Shuleni hajawahi hata kuniazima rula. Anataka tumvamie Shamim. Bila shaka Shamim naye ameandikiwa vivyo hivyo kunihusu mimi, na sidhani hata maneno yalibadilishwa. Mvivu hata katika unafiki.

Mwalimu wa klabu alisema wa kwanza na wa pili watawakilisha shule Sigalagala muhula ukifunguliwa. Mashindano ya kaunti nzima. Naitaka nafasi hiyo. Nimeimba kwaya miaka miwili, nimekariri ngonjera mpaka koo likauma, na bado sijawahi kuitwa jina gari la shule likiondoka. Nataka kuitwa.

Mpaka wangu na Nanzala ni mto. Hatuulindi. Tunakaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Hao wengine siwaamini hata kidogo.

Jumatano, 9 Aprili

Mimi na Nanzala tumempiga Daisy. Ngome mbili, kila mtu yake. Sasa naitwa nyoka. Juzi nilikuwa mpenzi.

Shamim, yule wa Mumias, ameniandikia: "Assalamu alaikum. Kesho nitakuja Mvule. Jiandae." Mvule ni ngome yangu ya kaskazini. Nilimsomea Mama kwa sauti, tukacheka. Nani anatangaza vita yake mwenyewe? Ni mtego wa kitoto. Nimepeleka askari upande wa pili.

Alhamisi, 10 Aprili

Alikuja Mvule.

Ijumaa, 11 Aprili

Habari mbaya. Nanzala ametuandikia sote: "Kukhu ametuacha usiku. Naomba tusimamishe majeshi mpaka azikwe."

Kukhu ni bibi yake. Ndiye aliyemlea huko Khwisero, hana mwingine. Siku ya wazazi alikuja na kikapu cha ndizi mbivu akagawia dawati letu lote, hakuuliza nani ni mtoto wa nani. Nililia jikoni.

Shamim alijibu kwanza. "Inna lillahi. Nasimama mpaka mazishi." Daisy akaweka nyuso nyingi za kulia, mstari mzima, kama mtu anayepanga nyanya sokoni. Lakini naye alikubali. Mimi pia.

Nilipomwambia Mama, alisimamisha cherehani. Hakuuliza mengi. Aliuliza nyumba iko upande gani wa soko.

Kwetu hakuna anayepiga simu kuuliza kama msiba ni wa kweli. Kuuliza ni matusi. Unajifunga leso, unabeba ulichojaliwa, unaenda.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisani, Jumapili ya Matawi. Mchungaji alimwombea Kukhu. Mama Rhoda, mwenyekiti wa kina mama, alisimama akatangaza safari ya kesho. Wakachanga sukari, majani ya chai na unga. Waliosahau kuleta walitoka mbio wakarudi navyo.

Mama alikuwa na simu tangu Ijumaa kwa sababu ya mipango. Nimeipata leo mchana tu. Nikafungua ubao.

Nanzala amevuka mto.

Amechukua ngome zangu mbili, Mukumu na nyingine iliyo nyuma yake. Daisy amechukua ya tatu, kutokea upande wa pili, kwa amri za usiku huohuo. Kwa hiyo walipanga pamoja. Nanzala na Daisy. Nimebaki na tatu.

Nimesoma ubao mara nyingi nikidhani labda binamu fulani alishika simu. Hapana. Binamu hajui mto hauna ulinzi.

Sijui mtu wa namna gani hufanya hivi. Bibi yake yuko mochari na yeye anahesabu ngome. Watu wanalia, wanapika, wanachimba kaburi, yeye amejificha nyuma ya nyumba anavusha askari. Daisy namwelewa, Daisy ni takataka na hajawahi kuficha. Huyu ameninyoa nywele kwa makasi ya msiba wake mwenyewe.

Sijamwambia Mama. Kesho nitaenda. Kukhu hana kosa.

Jumatatu, 14 Aprili

Naandika yote, kwa mpangilio.

Tulikwenda watano: Mama, Mama Rhoda, kina mama wengine wawili wa kanisa, na mimi nyuma na unga kichwani. Hakukuwa na hema. Hakukuwa na viti wala moshi wa sufuria kubwa. Hilo pekee lingemtosha mtu anayetazama. Lakini Mama Rhoda hulia kwanza, hutazama baadaye. Alianzia langoni, mikono kichwani, akimsifu marehemu na kumwuliza ametuachia nani.

Marehemu alikuwa barazani. Anachagua maharagwe ya kupanda.

Aliinuka upesi, ungo ukamponyoka. "Mulembe," akatusalimu. "Ni nani amekufa?"

Mama Rhoda alibaki na mikono kichwani, hakujua pa kuiweka. Hatimaye Mama akasema tulikuja tu kumsalimia.

Kukhu alitutazama mmoja mmoja. Leso. Macho mekundu. Mizigo.

"Na sukari yote hii ni ya salamu?"

Nanzala akatoka jikoni na simu mkononi. Aliponiona alitaka kurudi ndani. Kukhu alimwita kwa majina yake yote. Basi akaeleza, kwa sauti ndogo, akiangalia miguu yake: mchezo, ngome, saa mbili usiku, Sigalagala. Kukhu alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza hata mara moja.

"Kwa hivyo nimekufa kwa simu."

"Ilikuwa mchezo tu, Kukhu."

Kukhu akawageukia kina mama. "Na kanisani? Mliniombea?"

Mama Rhoda alikiri. Mchungaji aliomba, tena ombi lilikuwa refu.

"Hiyo ni vizuri," Kukhu akasema. "Wengine huombewanga haraka haraka."

Kisha akacheka. Kina mama nao wakacheka, Mama Rhoda mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Mimi sikucheka. Nanzala pia hakucheka.

Mama alitaka tubebe vitu vyetu twende. Kukhu alikataa. Kilicholetwa matanga hakirudi na aliyekileta, na waombolezaji hawaondoki na njaa. Yeye amekufa, akasema, lakini desturi haijafa. Basi Nanzala akatumwa akimbize ingokho mwenyewe, achinje, anyonyoe, asonge obusuma kwa unga wetu, sisi tukiwa tumekaa kivulini tukihudumiwa. Saa nzima jogoo alimzungusha shambani mbele ya kina mama wa kanisa. Mama Rhoda alimwelekeza kwa kidole.

Chakula kilipoiva alipita na birika na beseni kutunawisha. Alipofika kwangu alisema chini chini, "Mchezo unaruhusu."

Nikasema, "Najua."

Nikanawa polepole sana, kila kidole, ili aendelee kuinama. Kisasi chenyewe ndicho hicho. Kidogo mno.

Jumanne, 15 Aprili

Ujumbe wa Daisy asubuhi: "Mpenzi, huyo Nanzala si wa kuaminika." Ananiambia mimi. Jana usiku amemnyang'anya Nanzala ngome moja, sasa anatafuta wa kumsaidia kushikilia.

Ujumbe wa Nanzala mchana: tuungane, atamwacha Daisy. Hakuomba msamaha. Alitaja mto kana kwamba ulivuka wenyewe.

Wote wawili wananibembeleza, mimi mwenye ngome tatu. Naona walivyo maskini.

Ndipo nikatazama upande wa Shamim. Hajasogea tangu Ijumaa. Kaskazini yangu iko uchi, angeweza kunimaliza Jumamosi pamoja na wale wawili, au Jumapili peke yake. Hakuinua askari hata mmoja. Nikamwandikia kumweleza yaliyotokea Khwisero na kumwuliza kwa nini alisimama wakati wenzake wanakula.

"Nilisema mpaka mazishi," akajibu. "Sasa umeniambia mazishi hayapo. Kwa hivyo leo naanza tena. Unataka kuwa pamoja nami au mbele yangu?"

Juzi nilimsoma kwa sauti nikamcheka. Kati ya wote watatu nilichagua kumcheka huyo. Mimi pia nina upumbavu wangu.

Nimemwambia pamoja.

Alhamisi, 17 Aprili

Mchezo umekwisha. Mwalimu alikuwa ameweka mwisho leo, kabla ya Ijumaa Kuu.

Tulimfuta Daisy ubaoni. Shamim alimwandikia mapema kila alikokuwa anakwenda, na Daisy hakuamini hata mara moja, kila mara akalinda pengine. Ujumbe wake wa mwisho ulikuja kwetu sote: mchezo huu ni wa watu wasio na marafiki. Anayesema ni yeye.

Shamim tisa. Nanzala sita. Mimi tano.

Nimeikosa nafasi kwa ngome moja. Ni Mukumu, ile aliyoichukua siku za matanga ya uongo. Nilijaribu kuirudisha usiku mbili mfululizo. Nanzala alikuwa ameacha kila kitu kingine akajaza askari hapo. Alijua nitakuja hapo tu. Ananijua.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilimwandikia Mwalimu jana. Nilifuta maneno ya hasira kwanza, nikabakiza matukio. Jibu limefika: sheria za mchezo zinaruhusu uongo, alitueleza siku ya kwanza, na matokeo yatabaki. Shamim na Nanzala ndio watakaokwenda. Akaongeza kuwa hili liwe fundisho.

Watu wazima hulipenda sana neno fundisho likimwangukia mwingine.

Ubaya ni kwamba amesema kweli. Alitueleza. Nilikuwa mstari wa mbele, nikaitikia ndiyo.

Mama alisema nafasi nyingine itakuja. Alikuwa anakata uzi kwa meno na aliukata kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumanne, 22 Aprili

Kukhu amekuja kwetu leo, na Nanzala nyuma yake. Alisema amekuja kuwashukuru waliomlilia. Mama alifunga kazi, akaweka chai.

Tulipokuwa tumekaa Kukhu alieleza. Nanzala alimwomba ruhusa ya kwenda Sigalagala. Akakataa. Mwalimu akapiga simu mwenyewe kumwomba, kwa heshima zote. "Nikamwambia, mwalimu, mimi ni marehemu. Marehemu haruhusu mtu kusafiri." Mwalimu alicheka, akidhani ni mzaha. Kukhu akamsubiri amalize kucheka. Kisha akamwambia mtoto atafute aliye hai wa kumruhusu, na akimpata amlete amwone.

Mwalimu alikuwa amempigia Mama saa sita. Mama alinificha mpaka Kukhu afike. Nitakwenda mimi, na Shamim.

Siku zote nilidhani furaha ya kuitwa ingekuwa kubwa. Ilikuja, lakini ilikuja na mtu mwingine amekaa nje kwenye ngazi ameshika magoti.

Nikampelekea chai. Hakuwa analia. Nilitamani awe analia.

Alisema, "Uliacha mto wazi. Sigalagala usiache."

"Niliuacha kwa sababu ng'ambo ulikuwa wewe."

Alikunywa chai yote. Ndani Kukhu alikuwa anamwuliza Mama maneno aliyoyasema Mama Rhoda pale langoni, yote, kwa mpangilio, kwa sababu hajawahi kusifiwa hivyo na hakuyasikia vizuri.

Kisha Nanzala akaniomba simu. Alinionyesha ule usiku wa Mukumu: wapi aliweka askari, nilipaswa kupita wapi, kwa nini nisingeweza kushinda kwa njia niliyoshika. Ilikuwa rahisi. Ilikuwa mbele ya macho yangu. Ananizidi, na sipendi kuliandika. Tulifungua ubao mpya tukacheza wawili tu, bila kuandikiana ujumbe. Alinipiga. Tukaanza tena, akanipiga tena, ila safari hii alichukua muda zaidi.

Kabla hawajaondoka nilimwambia aje Alhamisi tuendelee, kama Kukhu ataruhusu. Kukhu alikuwa anafunga leso yake. Alisema ataangalia.

Sijamwambia Nanzala kuwa nimemsamehe. Hakuuliza.