Mama, Hukuuawa na Sola

Mama, mwaka mzima umepita tangu tukulaze kwenye udongo wa Boito, na leo tunaandika gazetini kwa sababu tumechoka kunyamaza. Wanasema uliuawa na stima ya jua. Wanasema sokoni, wanasema kanisani sisi tukiwa tumekaa benchi la mbele. Hata wageni waliokuja kutupa pole walituuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli ulirushwa na stima ukaanguka kutoka kwa paa.

Hukuwa juu ya paa. Ulifariki Alhamisi asubuhi kwenye kitanda cha hospitali, presha ilipopanda ikakataa kushuka. Baba alikuwa ameshika mkono wako, na mwanao Kiplimo amesimama kando na chupa ya uji ambao hukuunywa. Hakukuwa na waya wala paneli. Anayetaka kusema vingine aje aseme akituangalia machoni.

Janeffer Chepkirui, ulikuwa mchuma chai, mama wa watoto watatu, na mwalimu ambaye hakuna mtu alimwajiri. Ulijifunza mambo ya sola kwa semina ya siku tano ya kikundi cha akina mama, ukarudi na daftari moja na testa ya kupimia umeme, ukatusumbua nayo nyumba nzima. Kila Jumatano, chai ikishapimwa na lori limechelewa, ulipanda juu ya kreti pale kwenye kituo cha kukusanyia chai, umevaa gambuti zako, kalamu umeichomeka kwenye kitambaa cha kichwa. "Lori haijafika, na nyinyi mko hapa mnasengenya watu. Kujeni niwaambie kitu ya maana!" Walikuja, wengine wakicheka.

Unakumbuka zile paneli za ndani ya chai? Watu wetu walikuwa wananunua paneli, halafu kwa kuogopa wezi wanaificha katikati ya michai, pale majani yamebanana kabisa, kisha wanakuja kulalamika kwamba sola ni uongo. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mwizi haioni, sawa. Na jua itaiona na nini, tochi?" Ukaenda shamba kwa shamba ukizitoa. Nyingine ulizikuta juu ya paa la jikoni, nyeusi kwa masizi ya kuni. Ulizipangusa kwa maji na kitambaa laini, ukawaita wenyewe waone namba ya testa ikipanda.

Hukuwa na upole kwa wanaopoteza umeme ovyo. Mtu akiwasha televisheni tangu asubuhi, halafu aje kuuliza kwa nini taa zinazima mapema, ulimwambia, "Si umekula yote mchana? Sasa unataka nini?" Nyumbani hata Baba alikuwa anazunguka akizima taa kwa kukuogopa wewe. Tulikuwa tunachoka na wewe, Mama, tuseme ukweli. Leo tungetoa chochote tukusikie ukigomba.

Tunajua uvumi ulitoka wapi. Kuna mwenye duka mmoja aliyekuwa akiuza paneli zilizoandikwa wati mia. Ulizipima mchana, jua kali, mbele ya wateja wake, na hazikufika hata thelathini. Hukumtukana. Ulisoma tu namba kwa sauti. Ulipofariki, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusema, "Mnaona? Hiyo sola yake imemmaliza." Watu wakaamini, maana walikuwa na uchungu na walitaka kitu cha kulaumu.

Kamati ya kituo ikasema darasa lisimame. Nyamoita, jirani yetu na rafiki yako tangu alipokuja kutoka Nyamira kuchuma chai huku, alishusha paneli yake, akaifunga kwa gunia, akarudia koroboi ya mafuta ya taa. Koroboi ikaanguka ikamchoma mkono mjukuu wake, Mongina. Hilo hatutalisamehe haraka.

Na sisi je? Mama, hata sisi tuliogopa. Mimi Chepkurui, binti yako wa kwanza, ninayeandika haya kwa niaba ya familia, nilichomoa nyaya za nyumba yako siku ya mazishi na nikaziacha hivyo miezi miwili. Nilikaa na wewe hospitalini, nilijua ukweli wote, na bado niliogopa. Naona haya kuandika hivyo. Ni Baba aliyeniambia jioni moja, tukipapasa mboga kwenye giza: "Chepkurui, tunamfanya mama yenu awe mwongo."

Jumatano iliyofuata nilivaa gambuti zako nikaenda kituoni bila kuomba kamati ruhusa. Nikapanda juu ya kreti yako. Nyamoita akasimama katikati ya watu, akaniuliza: "Hiyo kitu iliua mama yako ama haikuua? Niambie nikikuangalia."

Nilimwambia haikuua. Hakuamini, niliona usoni. Basi nikashika nyaya mbili za paneli yetu ndogo, moja kila mkono, mikono mikavu na mitupu, jua likiwaka, na watu wakaanza kuhesabu. Walipofika hamsini Nyamoita akaja mbele. "Toka hapo. Nipe mimi." Akazishika! Watu walipiga kelele mpaka karani wa kupima chai akaacha mizani.

Kamati ilituandikia barua ya onyo. Tunayo, tumeisoma, na darasa linaendelea kila wiki. Jumatano hii tutakukumbuka papo hapo kituoni: sala kwanza, halafu somo la kuchagua betri, na Baba ndiye atafundisha, yeye ambaye zamani alikuwa anaogopa hata kubadilisha balbu. Mwenye duka amealikwa. Alete paneli zake, testa ipo.

Wanaokukumbuka ni mume wako Nicholas Kiptanui. Watoto wako Chepkurui, Kiplimo na Chepchirchir. Na wajukuu wote wanaoulizia Kogo, nyanya yao. Nyamoita si wa ukoo wetu, lakini alikuja mwenyewe, akakaa, akakataa chai mpaka tumsikilize. Alitaka jina lake lichapishwe hapa pamoja na yetu, kwa herufi kubwa, na maneno yake mwenyewe: MAMA NYAMOITA, PANELI YANGU IMERUDI JUU YA PAA.

Hatutakusahau, Mama, na hatuogopi tena.