Mama Shikapembe, Jina Lako Hatukuwapa

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuachia nyumba hii na kimya chake. Mimi kifungua mimba wako ndiye niliyeshika kalamu. Mdogo wangu ameniomba niandike kwa upole, kwa kuwa wewe ulikuwa mpole. Nimemwambia upole ulikuwa wako, mimi nilirithi pua tu.

Bado watu wanakuita Mama Shikapembe. Miaka yote uliyosimamia chumba cha kukunjia pale kiwanda cha udobi, mashuka ya hospitali na ya hoteli yakikufikia yangali na joto la pasi, neno lako lilikuwa hilo: "Shika pembe, mwenzangu." Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika huku, mwingine kule, wanalivuta, kisha wanaendeana mpaka mikono inakutana.

Nawe ukalifanya hilo kuwa dawa. Ukisikia wawili wamenuniana, asubuhi yake unawapanga kwenye shuka moja. Tunakumbuka ulivyotusimulia habari ya mpiga pasi na yule mkunjaji mrefu, waliogombana kwa sababu ya watoto wao hata salamu ikakatika. Uliwapa mashuka ya vitanda vikubwa, yote yakatoka kombo. Ukayakunjua, ukawarudishia wakunje upya. Mwisho yule mrefu akashindwa: "Dada, inua mikono basi, au unataka mimi nipige magoti?" Wakacheka wote wawili. Watoto wao sasa wanashinda nyumba moja.

Ukimuuliza mtu habari za nyumbani, hukukubali ile "nzuri" ya kupita. Ulibaki umeshika pembe zako mpaka aseme kweli. Ndiyo maana mtu akiuguliwa, zamu yake ilikuwa imeshapata wa kuishika kabla hajaomba. Na hapa kwetu, tukikosana, tulikunja nguo za familia nzima wawili wawili, na Baba naye hakusamehewa.

Kisha akaja meneja mpya. Hatumtaji, mwenyewe anajijua. Aliwakuta watu wanacheka kazini akadhani wanategea. Akabandika ukutani amri ya kukaa kimya, akampa kila mtu meza yake na foronya zake, mashuka akayanunulia mashine. Wewe akakupeleka stoo ya sabuni, peke yako katikati ya madebe. Ulipomwomba akurudishe kwa wenzako alikujibu, "Mama, hapa tunafua nguo, hatulei familia." Ulitusimulia ukicheka, lakini chakula chako hukukimaliza. Ukakaa stoo hiyo mpaka ulipougua. Daktari alisema ni moyo, nasi hatubishani naye.

Ulipoondoka, chumba kilikufa ganzi. Mtu akiumwa jirani yake hana habari, akikosea hakuna wa kumnong'oneza. Wafanyakazi wazuri wakaanza kuondoka. Wakubwa wakamuuliza meneja kulikoni, naye akamleta mtaalamu wa kujenga mshikamano kazini, kijana wa heshima zake, hatuna ugomvi naye. Kijana akawauliza wafanyakazi ni lini waliifurahia kazi yao. Wote wakakutaja wewe.

Hapo meneja akaikumbuka njia ya kwetu. Alikuja na tabasamu, akaomba picha yako, na mdogo wangu kwa huruma zake akampa. Akasema kukunja wawili wawili kunarudi, chumba kitaitwa kwa jina lako, na familia ije siku ya ufunguzi kubariki mbele ya mkubwa wake. Pole hakutupa. Stoo hakuitaja.

Tukaenda, Mama. Shangazi alituambia njiani, "Malipo ni hapa hapa duniani, na leo nimevaa viatu vizuri vya kwenda kuyashuhudia."

Meneja alihutubia. Alisema wewe na yeye mlifanya kazi bega kwa bega. Nilitaka kusimama, mdogo wangu akanibana mkono. Halafu akachukua shuka jipya, akashika pembe mbili, akaita, "Haya, nani anishikie pembe, kama Mama alivyotufundisha?"

Hakuna aliyesogea. Mpiga pasi alitazama kucha zake. Yule mrefu alijifanya hasikii. Hatukuwapanga sisi, walikuwa wameamua wenyewe. Shuka lilining'inia, nusu yake sakafuni, na mkubwa wake anatazama. Meneja akamgeukia Baba akijaribu kucheka. "Mzee, basi nisaidie wewe."

Baba akasogea mpaka mbele yake. Tulidhani atashika, maana tunamjua, hana ulimi wa kumkatalia mtu. Akasema, "Mke wangu alikuomba mwenzake wa kufanya naye kazi, ukamnyima. Likunje peke yako, Meneja." Kisha akaishusha picha yako ukutani, akaitia kwapani, akatoka. Sisi tukamfuata.

Jina lako halipo kwenye mlango ule. Wenzako wanakunja wawili wawili tena, na hilo tumelipenda, kwa kuwa ni lao. Yeye tunaambiwa siku hizi anakula peke yake, na akiingia chumbani watu wanakumbuka ile amri yake ya kukaa kimya. Jirani mmoja ametuambia tumwonee huruma. Hatumwonei. Tumefurahi, na tumeyaandika haya gazetini ili naye ayasome kwenye meza yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Ungekuwepo ungetukemea. Ungetafuta shuka, ungemshikia pembe wewe mwenyewe, ungemuuliza habari za nyumbani kwake mpaka aseme kweli. Tunalijua hilo, Mama. Lakini hupo, na yeye anajua kwa nini.

Wanaokukumbuka ni mumeo, ambaye bado anakunja shuka la kitanda chenu akilibana kwa kidevu na hataki tumsaidie, sisi wanao wawili, wajukuu zako, wifi yako, shangazi yetu, pamoja na wote wa chumba cha kukunjia.

Wewe hatutakusahau maisha yetu yote. Naye hatutamsahau.