Baba Anajua Nimeshatuma Fomu ya Chuo

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, na ukiweza unijibu katika gazeti la Jumamosi hii, kwa sababu dirisha la maombi ya chuo linafungwa Ijumaa inayofuata na mimi maji yamenifika shingoni, na nyumbani hakuna ninayeweza kumweleza maana wote wanajua jambo hili lilishakwisha.

Mimi ni binti wa miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari na matokeo yangu ni mazuri, sisemi kwa kujisifu, na baba yangu ni tarishi katika ofisi moja kubwa hapa mjini, amekuwa akipandisha barua za watu ghorofa hadi ghorofa tangu kabla sijazaliwa, na kitu anachokitaka kuliko vyote ni kupokea barua ya chuo yenye jina langu, hata bahasha ya plastiki ya kuihifadhia isilowe ameshaitafuta, iko juu ya kabati. Anataka nisome uhasibu kwa sababu anasema wahasibu wa ofisini kwao wanakaa kivulini na mtu hawaingilii bila kubisha hodi.

Sasa Mama, baada ya mitihani nilikaa nyumbani wiki mbili nikilala tu, mama akachoka kuniona, akanituma nikamsaidie kaka yake, yaani mjomba wangu, ambaye ni mchimbaji wa visima, ana mashine yake kuukuu na wafanyakazi watatu, na mtu aliyekuwa akimwandikia daftari alikuwa amehama. Nilienda nimenuna. Kazi yenyewe ni hivi: mashine ikishuka mita moja, tope linalotoka unalichota, unaliosha kwenye chujio, na kinachobaki unakimwaga juu ya turubai kama fungu dogo, mita ya pili fungu la pili pembeni yake, hivyo hivyo mpaka jioni unakuwa na mstari wa mafungu sabini au themanini, na mimi naandika kila fungu rangi yake, ukubwa wa chembe zake na dakika ambazo mashine ilichukua. Mjomba anapita akichukua punje kidogo anaitia kwenye meno ya mbele, ikiwa laini anasema mfinyanzi, ikikwaruza anasema mchanga mwembamba, anatema, anaenda fungu linalofuata. Siku ya kwanza nilicheka, siku ya nne nilikuwa natafuna udongo na mimi, na wafanyakazi wakaanza kuniita Karani wa Mawe.

Siku ninayotaka kukueleza tulikuwa tunachimba nyuma ya nyumba ya fundi cherehani mmoja, mtaa wenye nyumba zilizobanana, pembeni kuna kinyozi na mbele kuna mtu anauza vifuniko vya simu, yaani mahali pa kawaida kabisa. Tulikuwa tumekula zaidi ya mita ishirini za mfinyanzi wa kijivu, mpaka nikawa naandika "vilevile, vilevile", halafu mita ya sitini na moja chujio likaanza kugonga. Nikaosha. Vilikuwa vijiwe, Mama, vya mviringo, vyeupe, vyekundu, vya rangi ya maini, laini kama mtu amekaa akavipiga msasa kimoja kimoja. Nikampelekea mjomba nikamwambia kuna mtu amemwaga kokoto kisimani. Mjomba akavipindua kwenye kiganja, halafu akaniambia, "Jiwe haliwi mviringo bila kuviringishwa. Hapa palikuwa na mto, mama."

Nilikaa chini kwenye turubai. Niliangalia ukuta wa kinyozi, nikaangalia nguo za fundi cherehani zilizoanikwa, na nikawaza kwamba chini ya miguu ya watu wote wale, chini kabisa, kuna mto umelala, ulikuwa na kingo zake na sauti yake na hakukuwa na mtu wa kuusikia. Mwili ulinisisimka mpaka meno yakagongana, na jua lilikuwa kali. Kesho yake walipokisafisha kisima maji yalitoka machafu, halafu ya rangi ya maziwa, halafu meupe kabisa, fundi cherehani aliyekuwa anaongea tangu asubuhi akakinga viganja. Mjomba akanipa kikombe nikanywa, nilitegemea yawe baridi lakini yalikuwa na uvuguvugu. Nikamuuliza mjomba yanapataje joto huko ambako jua halifiki, akasema sijui. Nikamuuliza mto ule ulikuwa wa lini, akasema, "Hilo ndilo hata mimi silijui, mpwa wangu, mimi najua kuufikia tu." Usingizi wangu haujakaa sawa tangu siku hiyo, na mama anasema natembea nimeinamisha kichwa kama niliyepoteza sindano.

Basi wiki tatu zilizopita baba alinisindikiza mpaka mlangoni kwa mwenye duka la intaneti, akanishika bega, akawahi kazini. Fomu ina kurasa tano. Nilijaza nne, nikaandika uhasibu kama alivyotaka, na chini ya ukurasa wa nne kuna kitufe kimeandikwa Endelea, na mimi nilijua nikibonyeza hapo mambo yamekwisha, muhula ukianza nitakuwa darasani na mashine ya mjomba itakuwa inashuka mtaa mwingine bila mimi. Nikafunga. Jioni baba akauliza, "Umetuma?" nikasema nimetuma. Tangu hapo kila akirudi ananiuliza, "Bado?" nami namjibu, "Bado, baba." Juzi tulipita posta, akamwomba karani apekue tena mfuko mzima wa barua, huenda imejificha, nami nimesimama hapo hapo pembeni yake.

Ninachotaka ni mwaka mmoja, mmoja tu, nikae na mjomba niandike visima vyote atakavyochimba, halafu ndipo niombe chuo, na nisome miamba, siyo uhasibu. Lakini rafiki yangu anasema mwaka wa kukaa kabla ya chuo ni wa watu waliofeli, na baba ataona hivyo hivyo. Nimefikiria niache dirisha lifungwe kisha nimwambie baba sikuchaguliwa, hapo nitaupata mwaka wangu bila ugomvi. Au nitume huo uhasibu nisahau habari za mawe. Mjomba mwenyewe anajua nilishatuma. Nifanye nini, Mama?

Karani wa Mawe

*

Marahaba, Karani wa Mawe.

Barua yako niliisoma nikiwa na nyingine ishirini mezani, za waume, za mawifi, za simu zilizofichwa chini ya mto wa kulalia, na nilipofika kwenye vile vijiwe vyako niliinuka nikatoka nje. Mbele ya ofisi yetu mafundi wa bomba wamefukua barabara wiki ya pili sasa, na mimi napaona pale kwa kukasirika tu kwa ajili ya viatu vyangu. Safari hii niliinama. Nikamuuliza fundi aliyekuwa mtaroni, "Chini ya hapo kuna nini?" Akasema, "Bomba, mama." Nikamuuliza chini ya bomba je? Akaninyooshea shingo, akaniuliza kwa upole kama nimekula leo. Nimepita pale miaka kumi na saba, mwanangu, na sijawahi kuuliza swali hilo hata siku moja. Nilirudi kwenye kiti changu nikaisoma barua yako upya. Kwa hilo nakushukuru kwa dhati.

Sasa shukrani zimeisha.

Umemdanganya baba yako mara moja na unamdanganya upya kila jioni, na umesimama posta ukimtazama mzee wa watu akibembeleza karani apekue mfuko ambao wewe unajua hauna kitu. Halafu unaniletea mpango wa kumwambia hukuchaguliwa. Fikiria unachokitaka. Unataka baba yako apandishe ngazi kila siku akiamini kwamba binti yake alipimwa akaonekana hatoshi, wakati wewe ndiye uliyefunga mlango kwa mkono wako. Atalibeba hilo mpaka kaburini ili wewe ukwepe ugomvi wa jioni moja. Sikukatazi tu, nakukemea.

Nimefanya kazi ambayo ulipaswa kuifanya wewe. Nimekipigia simu chuo hicho ulichokiandika nyuma ya bahasha. Nimezungushwa meza tatu, hatimaye nikampata karani wa udahili, mama mmoja asiyependa mchezo, nikamweleza kuna mwombaji anataka kukaa mwaka mmoja nje kwa kazi maalumu kabla ya kuanza. Akaniuliza, "Amesoma ukurasa wa tano?" Nikasema hakuufungua. Akacheka, na sikupenda alivyocheka, lakini alikuwa na haki. Ukurasa wa tano unauliza: utaanza mwaka huu au mwaka ujao? Ukichagua ujao unaandika sababu kwa mistari kumi, na wakikukubali nafasi yako inakungoja. Na hiyo kozi ya miamba ipo kwao, iko ukurasa wa pili, mistari minne chini ya uhasibu ulioujaza.

Umeelewa, Karani? Wewe unayeandika kila mita mpaka ya themanini, hata zile za "vilevile", fomu ya kurasa tano uliichimba ukaishia ya nne. Maji yalikuwa ya tano. Wiki tatu za uongo, na jibu lilikuwa kitufe kimoja mbele yako. Kisima cha watu usingekiacha hivyo, mjomba wako angekufukuza kazi.

Huyo rafiki yako aliyesema mwaka huo ni wa waliofeli, mwambie kuna mwaka wa kukaa na kuna mwaka wa kazi. Wa kukaa hata mimi siutaki. Wako unaweza kuwa wa kazi, ila kwa namna ulivyonieleza bado ni ndoto ya mtu aliyependa. Mkalishe mjomba chini mpatane unaanza lini na unaisha lini, na tarehe ya mwisho muiandike. Hisabati yako usiiache ishike kutu, tenga siku mbili za wiki za kukaa mezani na vitabu. Na nyuma ya daftari lako fungua ukurasa mwingine, uandike humo kila swali ambalo mjomba amekujibu "sijui".

Hapo ndipo nadhani hukumsikia vizuri. Ulimpenda mjomba wako kwa anayoyajua, na nakuelewa, hata mimi nimempenda, mtu anayetia dunia mdomoni aijue. Lakini yeye alikwambia wazi kwamba anajua kuufikia mto ila hajui ni wa lini. Mtu mzima, mwenye mashine na sifa zake, alikuonyesha mahali ujuzi wake unapoishia, tena bila aibu. Kuna watu wanaojua ule mto ni wa lini. Wanajua kwa nini maji yako yalitoka na uvuguvugu. Wako kwenye hicho chuo unachokikimbia, na wamekaa miaka mingi wakiulizana maswali yale yale uliyouliza wewe ukiwa na kikombe mkononi, na nakuapia baadhi yao bado wanasisimka kama ulivyosisimka. Mwaka mmoja na mjomba utakupa macho, lakini mwaka wa pili, kama hujaondoka pale, utaanza kusikia "sijui" zile zile. Kwa hiyo nenda kwenye mashine, na uwe na siku ya kutoka.

Kuhusu uhasibu, baba yako hana ubaya. Ametembea maisha yake yote, anataka mwanawe akae. Hajui kuna kazi ambayo mtu anainama kwa furaha, na hawezi kujua kwa kuelezwa mezani. Mchukue siku yake ya mapumziko, mpeleke mahali mjomba anapochimba, asimame kando ya yale mafungu. Usimhubirie. Mpe yale ya juu, mpe yale ya chini, ayashike mwenyewe. Labda ataona tope tu. Hata akiona tope, mistari kumi ya ukurasa wa tano utakuwa umeiandika wewe, kwa jina lako, kozi uliyoichagua wewe, kwa sababu umri wa kumficha baba kozi yako umeshaupita.

Lakini hayo yote ni baada. Gazeti hili linatoka leo Jumamosi. Kesho asubuhi, baba akishamaliza chai yake, kaa mbele yake, siyo pembeni, umwambie, "Baba, sikutuma. Nilikudanganya, na pale posta nilikuwa najua." Useme hivyo kwanza, kabla ya mto, kabla ya mjomba, kabla ya machozi, maana ukianza na mto atajua unampaka mafuta. Atanyamaza. Usijaze ukimya wake kwa maelezo. Huenda akainuka akatoka, huenda akakwambia maneno utakayoyakumbuka ukiwa na umri wangu. Yapokee, na akirudi umkute bado umekaa pale pale. Halafu mwombe Jumatatu mwende pamoja kwenye duka la intaneti, na akikubali, kitufe abonyeze yeye.

Akikataa, saa mbili asubuhi uwe mlangoni kwa mwenye duka peke yako, ubadilishe kozi kwenye ukurasa wa pili, ufungue ukurasa wa tano, uusome mpaka neno la mwisho, uandike mistari yako kumi, utume, kisha urudi nyumbani umwambie: leo nimetuma kweli.