Kufuli la Tatu

Kirimi, mdogo wangu,

Usicheke mwandiko wangu. Ninaandika nimekalia gunia la maharagwe kibandani, hapa sokoni Kianjai, na watu hawaachi kunikatiza wakiuliza bei kana kwamba watanunua. Wewe ungewatania kidogo, wangecheka, na wangeondoka na kilo mbili mbili. Mimi nawakazia macho tu na wanapita. Ulikuwa ukiniambia biashara siijui, na bado siijui.

Nilitaka kuanza na habari njema. Nimetafuta, nimepata moja: yule mbuzi wako mkorofi alizaa pacha, wote majike, na Mama amekataa katakata wauzwe. Basi. Habari njema zimeisha.

Wamekuchora kwenye tangi. Lile tangi kubwa la mradi wetu wa maji, pale kilimani. Fundi wa rangi aliletwa kutoka Meru mjini, akapewa picha yako ya kitambulisho, naye akakuwekea ndevu ambazo hukuwahi kuota hata ulipozisihi na mafuta ya nazi. Mama alipofika pale alitazama, akatazama tena, akaniuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Nilicheka mpaka nikalia. Chini ya sura yako wameandika SHUJAA WETU, na chini ya hapo jina la mwenyekiti kwa herufi kubwa kuliko zako. Mwenyekiti ni Mutwiri. Ndiyo, Mutwiri rafiki yako.

Sijasahau alichokufanyia. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea, kwa sababu nitakayosema juu yake ni machungu. Siku ile ya maandamano mjini, risasi ilipokupata, wengine wote walitawanyika na yeye akarudi. Alikubeba mgongoni hadi hospitali. Alifika nyumbani na shati lina damu yako, na hakulivua mpaka tulipokuzika. Mama alimwita mwanangu siku hiyo na hajaacha kumwita hivyo hadi leo. Ndiyo maana mambo haya yananila ndani kwa ndani, kwa maana angekuwa mtu mwingine ningekuwa nimeshamtukana hadharani.

Unakumbuka asubuhi tulipomtoa Mzee Ikiara? Nchi nzima ilikuwa imewaka, vijana wako barabarani kila mji, na nyinyi mkasema haiwezekani tuwapigie kelele wakubwa wa Nairobi huku kwetu mtu mmoja amekalia maji ya kijiji kizima. Ufunguo wa ile koki kubwa aliuvaa shingoni kama rozari. Ukimpigia kura, maji yako yanakuja. Ukimkosea, unakauka. Nyinyi mlienda kwake mkiimba, kina mama nyuma yenu na mitungi mitupu tukiipiga kwa vijiko. Aliutoa ule ufunguo bila hata kubishana. Tulidhani kazi imekwisha! Kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumeshachinja mbuzi.

Wewe peke yako hukula. Ulikaa pembeni na kijiti ukichora chini, mpaka nikakuletea sahani nikakuuliza kama nyama inanuka. Ulikuwa unachora ule mfuniko. Mfuniko wa chuma juu ya chemba ya koki, wenye masikio matatu, kila sikio na kufuli lake, kila kufuli na ufunguo mmoja tu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu aliyechaguliwa na upande wake: watu wa juu, watu wa sokoni, watu wa chini. Watatu wasipofika, mfuniko haufunguki. Mutwiri alikuambia unaleta usumbufu wa bure. Ulimjibu, "Acha watusumbue. Heri kugombana kwenye chemba."

Na tuligombana, Mungu wangu! Mwalimu Gitonga, aliyestaafu, ndiye aliyechaguliwa na watu wa juu, na kwake kila jambo ni hotuba. Baba Rukia, mwenye lori, ndiye wa sokoni, na akichelewa kutoka mjini Maua tunamsubiri juani mpaka tunachoka. Wa chini nikawa mimi. Wewe na Mutwiri mlipaka nukta ya rangi kwenye kila kufuli ili tusichanganye, na kwangu mkatumia rangi ya kucha ya Makena, binti yangu, nyekundu, akawanunia wiki nzima. Kila siku ya zamu tulikutana pale tukabishana nani apate maji kwanza, tukafungua, tukaenda zetu. Hakukuwa na nyimbo. Nadhani hapo ndipo watu walipoanza kuchoka, wakasema mikutano ni mingi mno na maneno hayaishi.

Kisha ukafa.

Mwezi uleule tulikuwa tuchague kamati. Mkutano ulipokaa, mtu akasimama akasema si heshima kupiga kura na kaburi la Kirimi halijakauka, tuahirishe, Mutwiri ashikilie kwa muda. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa mbele nimejifunika leso, sikuona hata aliyesema ni nani. Tangu hapo kila tukiuliza habari ya uchaguzi tunaambiwa kuna jambo la kumalizia kwanza. Mara ni mabomba mapya, mara ni tangi kupakwa rangi, mara ni wewe. Wewe umekuwa sababu ya mambo mengi, Kirimi, kuliko ulivyokuwa hai.

Ufunguo wa Mwalimu Gitonga haukunyang'anywa. Aliutoa mwenyewe. Magoti yanamsumbua, kilima ni kirefu, na Mutwiri si ni mtoto wetu? Alisema hivyo mbele ya watu, na kwa kweli hakuna aliyeona ubaya. Baba Rukia ndiye aliyeuliza, "Sasa mwenyekiti akiwa na ufunguo, watatu tumebaki wangapi?" Aliuliza kwa upole, unamjua. Wiki iliyofuata lori lake likasimamishwa barabarani, mzigo ukashushwa wote, ukakaguliwa, ukaachwa kwenye mvua. Likasimamishwa tena. Likasimamishwa tena. Hakuna aliyemgusa wala kumwambia neno baya. Kisha siku moja nikasikia mwanawe ameupeleka ufunguo kwa Mutwiri, ati kwa hiari. Siku hizi Baba Rukia akiniona anashika njia ya upande mwingine, na Rukia haji tena kununua maharagwe kwangu.

Nimebaki mimi.

Ulidhani nisipofika hawatafungua? Hata mimi nilidhani hivyo. Nilifika pale siku ya zamu nikakuta vijana wameukalia mfuniko, wakaniambia mradi unatengenezwa, nirudi nyumbani. Lakini juu na sokoni maji yalitoka, nikadhani wamepitisha bomba la pembeni. Ni huku chini tu yalikuja siku moja, kisha nusu siku, kisha mifereji ikawa inatoa hewa. Nikaenda kulalamika, nikaambiwa Mama Makena, tatizo ni wewe, umekatalia ufunguo na mafundi hawawezi kurekebisha laini yenu. Waliwaambia na majirani hivyo hivyo. Wanawake niliopiga nao mitungi siku ile sasa wananipita wakienda mtoni, na mmoja, simtaji, alisema kwa sauti ili nisikie, "Wengine wanajifanya wakubwa kwa sababu ya marehemu." Niliumia. Mgongo wake nauona kila asubuhi umeinama kwa mtungi.

Halafu kuna wale vijana. Wanajiita Vijana wa Kirimi. Hata sijui nusu yao wametoka wapi. Walishonewa fulana zenye sura yako, ile ya ndevu, na jioni jioni wanakuja kusimama langoni kwetu. Hawatusi. Wanasimama tu, wanatafuna miraa, wanatazama nyumba. Walipokuja mara ya kwanza Mama aliwapelekea chai akidhani wamekuja kufariji familia. Sasa hatoki. Unajua ni nini kufungua dirisha ukakuta watu waliokuja kukutisha wamevaa uso wa mdogo wako? Naogopa, Kirimi. Nakuambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Naogopa hata nikienda choo cha nje.

Mutwiri mwenyewe alikuja mara moja, mchana, na sukari na unga. Alimkumbatia Mama. Kisha akanivuta kando akaniambia taratibu, kwa sauti ileile aliyotumia kunipa habari za kifo chako, "Dada, Kirimi angekuwa hai angenipa huo ufunguo." Nilimtazama. Amenenepa kidogo. Macho hayalali. Nadhani analiamini neno hilo kabisa, na hilo ndilo linalonitia hofu. Mzee Ikiara alikuwa anajua kwamba anatuibia. Huyu anadhani anatulinda.

Na Mzee Ikiara, utashangaa, amerudi. Anakaa kiti cha pili kutoka kwa Mutwiri kwenye kila mkutano, anaitwa mshauri. Juzi alisimama hapa kibandani, akanunua njahi, yale maharagwe meusi, akasema akihesabu chenji, "Mimi nilikuwa na ufunguo. Sikuwa na marehemu." Akacheka akaenda zake. Nilitamani kumtupia pishi.

Basi sikiliza lililonifanya nichukue kalamu. Kesho ni kumbukumbu yako. Kutakuwa na mahema pale kwenye tangi, spika, wageni wanaotafuta kura za mwakani, wale wale waliokuwa wamejificha mlipokuwa barabarani. Na kwenye ratiba, baada ya maombi, kuna mahali pangu: Mama Makena, kwa niaba ya familia, atamkabidhi mwenyekiti ufunguo wa tatu. Hawakuniuliza. Mama ameniambia, "Mpe, Nkatha. Nimeshazika mmoja." Hakulia. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua kichwa.

Nikaamua nitampa. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeamua. Nikasema ni kipande cha chuma tu, na watoto wa huku chini wapate maji. Jana asubuhi nikapanda kilimani peke yangu, niliage lile kufuli. Upumbavu wangu, najua. Vijana walinitambua wakaniachia nafasi, hata mmoja akanipa pole. Niliinama juu ya mfuniko, nikaona nukta yetu nyekundu ipo mahali pake, nikaingiza ufunguo.

Haukuzunguka.

Nilijaribu tena. Niliutoa nikaupangusa kwa leso, nikarudisha. Wapi! Kisha nikaangalia ile nukta vizuri. Rangi ya kucha ya Makena ilikuwa imeshachubuka upande mmoja tangu zamani, wewe mwenyewe ulisema iko kama ndizi. Hii ilikuwa mviringo, safi, inang'aa. Kirimi, walishabadilisha kufuli. Lini, sijui. Wamebadilisha, wakachukua rangi, wakainama pale wakapaka nukta. Na aliyepaka nukta ile ya kwanza pamoja nawe ni Mutwiri.

Nilisimama pale na wale vijana wananitazama na sura zako tano, sita. Nikasema, "Haya, nimeona liko salama." Nikateremka.

Tangu jana sijalala sawasawa nikijiuliza, kama kufuli ni lao tayari, ufunguo wangu wanautakia nini? Nimeelewa nikipima maharagwe. Ufunguo hawauhitaji kwa lolote. Wanachohitaji ni mkono wangu, dada yake Kirimi, nikiutoa mbele ya watu wote, kila simu ikirekodi, ili baadaye mtu akiuliza nani alikubali, jibu liwe kwamba sote tulikubali. Kama Mwalimu. Kama makofi yale. Hivi ndivyo nguvu ya watu inavyoondoka, kumbe. Hakuna anayekuja na rungu kuivunja, sisi wenyewe tunapangwa mstari tukaikabidhi kipande kipande huku tunaombewa.

Uliwahi kuniuliza, siku ile ya mbuzi, kama nadhani nguvu hiyo itashika. Mimi nilikuambia kula nyama yako ikingali moto. Sina jibu zuri zaidi leo. Watu wetu ni wazuri wa asubuhi moja. Siku ya pili kila mtu ana ng'ombe wake. Labda hatukuipa muda, labda ilihitaji watu wasiochoka mikutano, na wewe ulikuwa mmoja.

Mama ameingia kibandani sasa hivi, mara ya kwanza kutoka langoni tangu lini! Amekuja na mkongojo wake polepole, kapita katikati ya soko watu wakimwamkia. Jana usiku nilimwambia habari ya kufuli, nikidhani atanisihi zaidi. Aliingia kulala. Leo amekaa hapa kwenye gunia la pili, ameomba maji ya kunywa, halafu akaniuliza, "Kesho tunaondoka saa ngapi?" Tunaondoka, amesema. Sijui ana maana gani, na naogopa kumuuliza.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Kesho wakiniita nitasimama. Nitashika kile kipaza sauti hata kama sauti itanikatika, nitasema jina langu, nitasema jina lako bila ndevu zao, nitainua ufunguo wauone. Kisha sitampa Mutwiri. Nitawaomba watu tuteremke pamoja hadi kwenye chemba, si mbali, ni pale chini ya tangi tu, waje washuhudie wenyewe ukikataa kuzunguka. Yanaweza kunipata mabaya njiani. Nimeshamwambia Makena akae kwa shangazi yake Meru mjini mpaka nimwite, na vitambulisho vyetu viko kwake.

Lala, mdogo wangu. Mbuzi wako wanakua. Kesho nitatembea bila kugeuka nyuma mpaka nifike kwenye mfuniko, ndipo nitaangalia ni nani amenifuata. Nikikuta ni Mama peke yake na mkongojo wake, basi tutaanza na huyo.

Dada yako,
Nkatha